Tairi za inchi 35 kwenye Prado: nitafute ekseli gani?

Kijana_wa_Mau (Jumapili, saa 3:40 usiku)
Wadau, wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Natoka juu ya Olenguruone, Kaunti ya Nakuru. Nina Prado ya 1998, injini 1KZ ya lita tatu, springi za koili, ekseli nzima mbele na nyuma. Kutoka kwetu hadi lami ni kilomita tisa za udongo, na mvua ikishika huku Mau mnajua wenyewe. Matrekta ya viazi na malori ya majani chai yamechimba mitaro mpaka tumbo la gari linakaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yanazunguka bure.
Nataka tairi za inchi 35. Nilizozikuta kwenye gari ni 265/70 rimu 15. Swali langu ni moja: niweke ekseli gani zitakazohimili? Nimeambiwa za Land Cruiser 80 zinaingia. Naomba jibu kabla ya Jumanne.

Tope_Halina_Adabu
Jumanne kuna nini ndugu, au Rhino Charge imesogezwa mbele? 😂
Ila umenikumbusha mbali. Mashindano yale ya magari porini yameanza 1989, na pesa zake ndizo zilizojenga ua wa Aberdare, kisha ule wa msitu wa Eburu hapa hapa Nakuru. Mwaka mmoja nilienda kutazama, nikaona gari limekwama kwenye korongo, jamaa wanne wako chini yake wanatoa hafu shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, kama mtu anavyotoa mhogo shambani, wakatia nyingine, wakaondoka. Dakika hata arobaini hazikufika. Tangu siku hiyo nimeamini mtu wa tope hahitaji ekseli kubwa, anahitaji shafti ya akiba na marafiki.

Mama_Viazi
Mwanangu, tairi nne za ukubwa huo ni ng'ombe wa maziwa wawili. Marehemu mzee wangu alikuwa na pikapu kuukuu hapa Molo, ilitoa viazi shambani msimu wa mvua miaka kumi na moja na tairi zake zile zile za kawaida. Alifunga minyororo kwenye magurudumu, akashusha upepo kidogo, akaingia taratibu. Vijana siku hizi mnataka gari linaloonekana.

Kijana_wa_Mau
Mama, nakuheshimu, lakini si mambo ya kuonekana. Naomba tujibu swali la ekseli.

Fundi_wa_Shabab
Nimekuwa chini ya magari miaka ishirini na mbili, karakana yangu iko hapa Nakuru, mtaa wa Shabab. Kabla ya kukujibu nipime na wewe.
265/70 rimu 15 ina kimo cha inchi 29.6 hivi. Ukienda 35 umeongeza inchi tano na nusu, lakini chini ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, unapata nusu yake tu, kama sentimita 7. Ekseli mpya yenyewe haikuinulii gari hata kidogo. Saa ya mwendo ikikwambia 80, wewe uko karibu 95. Breki zinakamata gurudumu zito zaidi. Na gurudumu ni wenzo: likiwa refu na limebanwa kwenye mtaro, nawe uko gia ya kwanza ya chini unakanyaga, nguvu yote inatafuta mahali dhaifu. Mara nyingi ni hafu shafti. Ukiweka shafti ngumu, inahamia kwenye krauni na pinioni, gia za ndani ya difu. Ukikaza hapo, inahamia mbele kwenye propela shafti, ile inayoleta nguvu kutoka gia boksi.
Ekseli za 80 ni nzuri, ila ni pana kuliko zako. Tairi zitatoka nje ya bodi, mabano yote ya springi yakatwe na kuchomelewa upya, na uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ulingane, la sivyo ukiingiza 4x4 gari linajipigania lenyewe.
Sasa niambie: unabeba nini? Watu wangapi, uzito gani?

Kijana_wa_Mau
Asante fundi. Uzito ni wa kawaida, watu wawili watatu. Kuhusu upana, huyo anayeziuza amesema anaweza kuzikata zipungue. Nimeshatoa rubuni ya elfu arobaini, kwa hiyo sipendi kurudi nyuma.

Fundi_wa_Shabab
Kuzikata! Ekseli ikikatwa na kuunganishwa bila kifaa cha kuinyoosha, mrija unapinda kiasi ambacho jicho halioni. Beringi italiona. Oili sili italiona. Utakuwa unabadilisha sili kila mwezi na kulaumu duka la spea.

Daktari_wa_Injini
Mimi ningeweka 31x10.5 nikamaliza. Au rimu 16 na 235/85, nyembamba na ndefu, ina inchi 31 na nusu na zaidi kidogo. Tope la Mau ni laini juu, gumu chini; tairi nyembamba inakata mpaka kwenye ugumu, pana inaelea kama mtumbwi wa Dunga. Nilijifunza hilo tambarare za Kano, Ahero, kwenye udongo mweusi. Tulilala garini usiku mzima, mimi na shemeji, tunasikiliza vyura...

Fundi_wa_Shabab
Daktari, vyura watangoje. Kijana, kuna kitu kinanisumbua. Mtu ambaye bado hajafunga tairi huuliza zitagusa wapi, atainua gari kiasi gani. Wewe umekuja moja kwa moja kwenye ekseli. Je, tairi hizo tayari ziko kwenye gari? Na je, kuna kitu kimeshavunjika?

Kijana_wa_Mau (Jumatatu, saa 12:15 asubuhi)
Ndiyo, ziko kwenye gari tangu mwezi wa tatu.
Na ndiyo. Hafu shafti ya nyuma kushoto ilikatika wiki tatu zilizopita tukipanda kilima cha mtoni. Gurudumu lilitoka nje pamoja na shafti na dramu yake, kama kiganja kwa upana, gari likainama. Meno ya shafti yalikuwa yamejisokota kama kamba ya katani. Fundi wa hapa kijijini aliichomelea, na tangu siku hiyo imeshikilia.
Nilikuwa na mama. Figo zake zimekwisha, anasafishwa damu Nakuru mjini kila Jumanne na Ijumaa. Akikosa siku moja anavimba miguu na kifua kinabana. Ndiyo sababu nilisema kabla ya Jumanne. Msinihukumu. Hilo gari nilinunua kwa ajili yake, tairi nilinunua kwa ajili yake.

Fundi_wa_Shabab
Umechomelea HAFU SHAFTI na unabeba mgonjwa juu yake?

Macho_Kodo
Ngojeni kwanza. Mimi si fundi ila nimeendesha Prado tatu. Prado ya 1998 haina ekseli nzima mbele. Modeli ya 90 ilitoka 1996 na mbele kila gurudumu linajitegemea. Huyu ametuambia "1998, ekseli nzima mbele na nyuma". Gari la aina hiyo halipo. Kwanza tairi, sasa mama mgonjwa. Kesho mtaona namba ya M-Pesa hapa.

Tope_Halina_Adabu
Eh. Hilo kweli sikuliona.

Asali_ya_Baringo
Humu humu mwaka juzi kuna mtu alilia mtoto yuko ICU, tukachanga, baadaye picha ikaonekana ni ya mtoto wa nchi nyingine. Mimi nilitoa elfu mbili na sikuwa nazo. Tuwe macho.

Mama_Viazi
Na kama ni kweli? Huyo mama ni rika langu. Aliyedanganya mwaka juzi asimfungie mlango wa leo.

Macho_Kodo
Mama, kuuliza si kufunga mlango. Ajibu kuhusu gari.

Kijana_wa_Mau (saa 2:05 asubuhi)
Sijaomba hata senti ya mtu na sitaomba. 1998 ndio mwaka liliposajiliwa Kenya, ndio uliokaa kichwani mwangu. Nimefungua boneti sasa hivi. Kibati kinaanza na KZJ78, na kwenye logbook mwaka wa kuundwa ni 1994. Mbele kuna mrija mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, mwenye tope la jana. Naandika nikiwa nimesimama kwenye mvua.

Fundi_wa_Shabab
KZJ78 ni Prado ya zamani, ile ya familia ya 70, na ndiyo, ina ekseli nzima mbele. Kijana yuko sawa. Tumalize hilo.
Sasa sikiliza. Tazama katikati ya rimu ya nyuma. Ukiona habu imetokeza kama kikombe, na duara la bolti zinazoshika shafti, uzito wa gari umekaa kwenye habu na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Hiyo ikikatika unaitoa, unaziba, unarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Lakini ukiona katikati ni bapa, shafti hiyo hiyo inazungusha na inabeba gari. Ikikatika hakuna kinachozuia gurudumu isipokuwa bahati.

Kijana_wa_Mau
Ni bapa.

Fundi_wa_Shabab
Nilijua, kwa namna ulivyosema lilitoka na dramu. Shafti ile imepikwa kiwandani, nje ngumu, ndani ina mnyumbuko kidogo. Moto wa kuchomelea unaua yote mawili. Pembeni ya mshono chuma kinakuwa kikavu kama biskuti. Haitakupa onyo. Kesho usimpakie mama yako humo. Nakuomba kama mzazi.

Kijana_wa_Mau
Nimpeleke na nini? Hapa Probox hazifiki mvua ikinyesha. Boda kwa mtu wa hali yake siwezi. Imebeba wiki tatu, safari sita kwenda na kurudi, haijalia hata mara moja. Nilifikiri niende nayo taratibu mpaka ekseli za 80 zipatikane.

Mama_Viazi
Trekta. Kuna mtu asiye na jirani mwenye trekta Olenguruone? Mpigie leo, si kesho. Tela, godoro, mwavuli, blanketi mbili. Probox ingoje kwenye lami.

Macho_Kodo
Nilikosea kuhusu gari, samahani ndugu. Mimi niko Keringet. Ukifika kwenye lami saa kumi na mbili asubuhi nitumie ujumbe wa faragha, nina gari na kesho naenda Nakuru hata hivyo.

Kijana_wa_Mau (Jumanne, saa 4:50 usiku)
Tumefika na tumerudi. Kwenye tela mama aliimba nyimbo za kanisa njia nzima, dereva wa trekta akaitikia. Amesafishwa kwa muda wa saa nne kamili, sasa amelala. Ndugu wa Keringet alikataa hata pesa ya mafuta. Ijumaa trekta inakuja tena.
Jioni nilipandisha gari kwa jeki nikatoa shafti ya kushoto. Nikaipangusa kwa dizeli na kitambaa. Kando ya mshono, si juu yake, kuna ufa mwembamba kama uzi wa kushonea. Umezunguka nusu ya shafti.
Nimerudisha zile tairi za zamani kwenye magurudumu matatu. Ekseli za 80 bado nazitaka, sitawaficha, na aliyechukua rubuni hashiki simu.

Fundi_wa_Shabab
Mungu ni mwema. Hesabu meno ya shafti, pima urefu, njoo nayo Shabab pamoja na dramu, beringi na sili yake tununue mpya. Habari ya 80 tutaongea ukiwa hapa. Ila kabla ya kulala, toa na ya kulia uitazame. Imevuta tairi zile zile.

Kijana_wa_Mau
Nashuka sasa hivi na tochi.