Rekodi ya udereva Marekani: mwajiri anaona nini hasa?

Upepo_wa_Kusi:
Wakuu, habari zenu. Naomba mwanga kwa wanaoyajua haya mambo. Nipo Marekani, naomba kazi ya kusambaza vifurushi, na baadaye nataka kuchukua CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara. Kila fomu inaomba ridhaa yangu ili wavute rekodi ya udereva. Leseni ya sasa ni ya jimbo la pili, kabla yake nilikuwa na ya jimbo jingine. Kuna tiketi ya mwendo kasi niliyolipa, nyingine korti iliifuta, na ajali moja ambayo niligongwa kwa nyuma. Kipi kitaonekana, na kwa muda gani? Na udereva wa nyumbani unahesabika?

Bi_Faili:
Karibu, ndugu. Ripoti yenyewe inaitwa MVR na inatoka idara ya magari ya jimbo. Juu kuna jina lako, namba ya leseni, daraja, masharti kama ya kuvaa miwani, tarehe ya kutolewa na ya kuisha, halafu hali ya leseni: halali, imeisha, imesimamishwa au imefutwa. Msomaji wa ofisini anaanzia kwenye hali. Kama si halali, mara nyingi hashuki mstari wa pili.

Chini yake ni makosa uliyopatikana na hatia. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kulipa tiketi ni kukubali kosa. Wewe unaona umemalizana nayo, kumbe ndiyo kwanza inaingia kwenye rekodi. Ile iliyofutwa na korti kwa kawaida haionekani, wala kesi ambayo bado haijaamuliwa. Tiketi za maegesho hazimo. Makosa ya jinai yasiyohusu barabara yanatafutwa kwingine kabisa, MVR haiyabebi.

Ajali ndiyo yenye utata. Majimbo mengine huandika kila ajali iliyoripotiwa bila kusema nani alikuwa na makosa. Kwa hiyo chukua nakala ya ripoti ya polisi ya siku ile uiweke tayari. Mstari mtupu ulioandikwa "ajali" hauwezi kukutetea.

Muda unategemea jimbo. California makosa mengi madogo hukaa miaka 3 na ushei, kuendesha ukiwa umelewa ni 10. New York kosa la kawaida huonekana hadi mwisho wa mwaka uliohukumiwa, kisha miaka 3 mingine. Florida kosa la ulevi hukaa miaka 75, yaani maisha. Na usichanganye pointi, zile alama za adhabu anazohesabiwa dereva, na kosa: pointi zinaweza kuisha nguvu huku kosa lenyewe likiendelea kusomeka.

Ya nyumbani haimo. Rekodi yako ya Marekani inaanzia jimbo la kwanza lililokupa leseni, na bima nyingi za biashara huhesabu uzoefu kuanzia hapo.

Trela_Kumi_na_Nane:
Naongezea upande wa CDL, maana huko MVR ni karatasi moja kati ya tatu.

Sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri avute rekodi ya miaka 3 kutoka kila jimbo lililokupa leseni au kibali cha kujifunzia katika muda huo, na iwe ndani ya faili lako siku 30 tangu uanze kazi. Kuhama jimbo hakufichi kitu. Baada ya hapo anaivuta tena angalau mara moja kila mwaka.

Karatasi ya pili ni PSP, rekodi ya shirikisho ya usalama wa dereva wa magari ya biashara: ajali za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3, ukiwa kwenye gari la biashara. Breki mbovu iliyokutwa mizani inakaa humo hata kama hukuandikiwa tiketi. Ya tatu ni Clearinghouse, daftari la dawa za kulevya na pombe lililoanza Januari 2020. Kufeli kipimo au kukikataa kunakaa miaka 5, na kama hujamaliza utaratibu wa kurudi kazini, kunaendelea kukaa.

Kwenye MVR angalia misimbo, yaani herufi na namba fupi zinazotaja kosa. S15 ni kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa au zaidi. Kwa mwenye CDL hilo linaitwa kosa zito: mawili ya namna hiyo ndani ya miaka 3 ukiwa kwenye gari la biashara, unazuiwa kuendesha gari la biashara siku 60, matatu, siku 120. A20 ni ulevi: mwaka mmoja bila CDL, hata kama ulikuwa kwenye gari lako la kwenda sokoni. Mara ya pili ni maisha.

Kila kosa lina tarehe mbili, ya kutendeka na ya kuhukumiwa, na zinaweza kupishana kwa miezi. Fomu ikiuliza "miaka 3", soma inahesabu kutoka wapi. Ukiona haisemi, taja yote. Watu wanakosa kazi kwa kuficha tiketi ambayo yenyewe isingewazuia.

Upepo_wa_Kusi:
Asanteni sana. Je, nikienda darasa la madereva, ile tiketi inafichika? Na nikikuta kosa ambalo si langu nifanyeje?

Bi_Faili:
Darasa linasaidia kwa leseni ya kawaida katika majimbo yanayoruhusu, ila linaombwa kabla kesi haijafungwa. Tiketi ukishailipa, kwa kawaida mlango umefungwa.

Kosa lisilo lako: tafuta kwanza limeingilia wapi. Agiza MVR yako mwenyewe kutoka DMV, yaani idara ya magari ya jimbo, ile ndefu kabisa wanayotoa, uilinganishe na aliyopewa mwajiri. Kama ya DMV ni safi, waliokosea ni kampuni ya upekuzi, ile iliyomletea mwajiri ripoti. Weka pingamizi kwao kwa maandishi. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Mwajiri anayetumia kampuni hizo hawezi kukunyima kazi kimyakimya kwa sababu ya ripoti: kabla ya kuamua, kwa kawaida lazima akupe nakala yake pamoja na muhtasari wa haki zako. Kama kosa limo DMV kwenyewe, usipoteze siku ukibishana dirishani. Wao huandika walicholetewa na korti. Nenda kwa karani wa korti, chukua hati ya uamuzi yenye muhuri, ndiyo uwapelekee.

Sisi wenye majina matatu tuwe macho zaidi. Leseni ikitanguliza la ukoo na fomu ikaanza na la babu, utafutaji unaweza kumleta mtu mwingine. Andika jina kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi.

Trela_Kumi_na_Nane:
Kuhusu darasa, ukishakuwa na CDL sahau. Majimbo yamekatazwa kuficha au kuahirisha hatia ya mwenye CDL, hata kama kosa lilitendeka kwenye gari binafsi.

Jingine, mkuu: angalia lile jimbo la kwanza. Katika baadhi ya majimbo tiketi isiyolipwa inaweza kuzaa kusimamishwa leseni, kwenye rekodi utaona D53, na barua hutumwa anwani uliyohama zamani. Unaweza kuwa umesimamishwa huko bila habari, halafu jimbo jipya likakataa kukupa CDL kwa sababu majimbo yanaulizana kupitia daftari la taifa la madereva. Kulipa faini kortini peke yake hakutoshi. Korti iwataarifu DMV, wewe ulipe ada ya kurudishiwa leseni, kisha uvute rekodi tena baada ya siku chache. Usitume maombi mpaka hali isomeke "halali".