Zamu tatu za drafti, wametumia moja tu! Hii timu yetu inatuchukuliaje?

Wakuu, poleni na baridi. Nimejizuia siku nne nzima nisiandike kwa hasira, nimeshindwa. Kama wewe ni wa "tuwape viongozi muda", huu uzi uruke tu, tutakutana kwenye nyuzi za jezi mpya.

Timu siitaji. Wenyewe mnaijua, na wanaotujua wanatucheka tayari.

Kwa mliofika Marekani juzi na mnaodhani naongelea drafti ya vizibo vya soda pale kijiweni: hii ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, ni zamu ya kuchagua wachezaji wa vyuo vikuu. Timu mpya inaanza, zinafuata zilizoboronga msimu uliopita, bingwa anangoja mwisho. Raundi tatu. Ukishamtaja kijana, timu nyingine ya ligi haimgusi bila kuzungumza na wewe. Na hapo ndipo pa kushika, wakuu: kumtaja hakugharimu hata senti. Mshahara hujampa, mkataba hujampa. Unamwita kambini Januari, unamwangalia wiki mbili tatu, akikushinda unamwambia asante, nauli hii hapa.

Sasa Ijumaa ya tarehe 20 Desemba 2024 nimeomba ruhusa kazini. Mimi nafanya zamu ya usiku ghalani, msimamizi wangu akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia kuna drafti. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nimekaa na shemeji yangu, chai ya tangawizi, laptopu mezani, tunasubiri. Zamani walikuwa wanafanyia ukumbini, vijana wamevaa suti, mama zao wanalia. Siku hizi ni mtandaoni, majina yanashuka tu kama matokeo ya kidato cha nne.

San Diego FC, timu mpya kabisa, ndio walioanza. Wakamchukua Manu Duah, Mghana wa UC Santa Barbara. Sawa. Yanashuka, yanashuka, ikafika zamu yetu.

Beki wa kushoto.

Wakuu, tunao mabeki wa kushoto wawili, na wa tatu yuko timu B anakula benchi. Msimu mzima tumelia na namba tisa, yaani mfungaji. Krosi zinapigwa, mpira unapita mbele ya goli kama basi la mkoa linalopita kituo kisicho na abiria. Ukiniuliza kijana waliyemchukua ni mbaya, nitakwambia sijui, huenda ni mzuri, na sina ugomvi naye. Nina ugomvi na aliyeandika jina lake.

Nikasema basi, raundi ya pili watarekebisha. Ikafika. Unajua waliandika nini? Wanapita. Raundi ya tatu? Wanapita. Yaani umepewa zamu, orodha imejaa vijana waliokimbia miaka minne uwanjani, wewe unasema hapana, tumeshiba. Hata kwenye drafti ya vizibo, kete ya mwenzako ikikaa vibaya ni lazima uile, utake usitake. Hawa wanakataa kula na njaa wanayo!

Na mimi nina kidonda changu hapa. Septemba tulienda na shemeji kuangalia mechi ya chuo, saa mbili barabarani. Mpira wa vyuo una vituko vyake, saa inahesabu kurudi nyuma na mchezaji aliyetolewa anaweza kurudishwa uwanjani, ukiuangalia mara ya kwanza unadhani wanatania. Lakini kulikuwa na winga wa kulia pale. Jina lake nalihifadhi. Wazazi wake Wakongo, familia ilikuja kama wakimbizi, na mama yake alikuwa jukwaani amekaa nyuma yetu anapiga kelele kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mwanangu kimbia, kimbia bado!" Yule beki aliyemkaba kijana, nadhani hadi leo anamtafuta. Anakwenda nje, anarudi ndani, mguu wowote. Kipindi cha pili kocha wa wapinzani akaweka watu wawili wamkabe, akawapita wote wawili, akatoa pasi, mwenzake akapaisha. Shemeji akaniambia, kaka, huyu akibaki hadi raundi ya pili tufunge na kushukuru.

Alibaki hadi raundi ya pili. Alikuwepo kwenye orodha zamu yetu ilipofika. Tukapita. Majina manne baadaye akachukuliwa na timu nyingine. Shemeji alifunga laptopu bila kusema neno, akaenda kuosha vikombe.

Na msinipe kisingizio cha nafasi za wachezaji wa kigeni. Najua kila timu inapewa nafasi nane, na zetu zimejaa. Lakini kwa kanuni za ligi, kwa timu za Marekani, mtu mwenye makazi ya kudumu au hadhi ya ukimbizi anahesabiwa mchezaji wa ndani. Kijana yule hachukui nafasi ya mgeni yeyote. Kama mkurugenzi wa ufundi halijui hilo, mimi mpakia maboksi nalijuaje?

Usiku huohuo, saa tatu na dakika kumi, barua pepe ikaingia. Nikadhani wanaomba radhi. Wanataka nihuishe tiketi ya msimu, na bei imepanda.

Haya, semeni.

*

Nimerudi, tarehe 26. Nimesoma majibu yote, na matusi pia, asanteni.

Wengi mnasema drafti imekufa, vipaji viko akademi, mleta uzi amelala mwaka 2004. Nakubali nusu. Ni kweli wanaolelewa na timu yenyewe wanasainiwa moja kwa moja bila kuingia kwenye drafti. Mnamkumbuka Handwalla Bwana, kijana aliyezaliwa Kenya? Alicheza Chuo Kikuu cha Washington, lakini kwa kuwa alipita akademi ya Seattle Sounders, 2018 walimsajili wao wenyewe, hakuna timu nyingine iliyopata nafasi ya kumtaja. Kwa hiyo kapu limepungua, sibishi. Lakini kapu kupungua na kapu kuwa tupu ni vitu viwili. Tajon Buchanan alikuwa chaguo la tisa 2019, New England wakamtoa chuo cha Syracuse. Akaenda Club Brugge, akaenda Inter Milan. Alistair Johnston chaguo la 11 mwaka 2020, Nashville, baadaye akaenda Celtic ya Scotland. Wote wawili waliichezea Kanada kule Qatar kwenye Kombe la Dunia 2022. Chaguo la tisa na la kumi na moja, wakuu! Mara nane timu zilimtazama Buchanan zikasema ngoja tuangalie huyu mwingine.

Aliyeniambia "nitajie mmoja tu wa kueleweka aliyetoka drafti", mkuu, nadhani ulikuwa unatania. Andre Blake, chaguo la kwanza 2014, Philadelphia. Kipa bora wa ligi mara tatu, 2016, 2020 na 2022. Cyle Larin, chaguo la kwanza 2015, akafunga mabao 17 msimu wake wa kwanza, hakuna kijana aliyetoka chuo aliyewahi kufikisha hapo katika msimu wake wa kwanza kabla yake. Clint Dempsey alikuwa wa nane mwaka 2004, mwaka uleule dunia nzima ilikuwa inamtazama Freddy Adu, mtoto wa miaka 14 aliyechaguliwa wa kwanza. Nani kati yao alikuja kuifungia Marekani mabao 57?

Na Chris Wondolowski. Huyu nampenda kupita kiasi. 2005 alichukuliwa kwenye drafti ya nyongeza, chaguo la 41, kutoka chuo ambacho hata Wamarekani wenyewe wanauliza kiko wapi. Alistaafu 2021 na mabao 171, hakuna aliyefunga mengi zaidi katika historia ya ligi. Kama San Jose, waliomchukua, siku ile wangesema "tunapita"?

Mwingine kaandika kwamba sisi Waafrika tunajipa matumaini, hii drafti si yetu. Ndugu yangu, 2009 chaguo la kwanza kabisa alikuwa Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia London, akasoma Akron, akaenda Seattle. 2010 chaguo la kwanza kabisa alikuwa Danny Mwanga, mzaliwa wa Kinshasa, akasoma Oregon State, akaenda Philadelphia. Miaka miwili mfululizo, mji mmoja. Zakuani alikuwa anawaka moto hadi Aprili 2011 alipovunjwa mguu kule Colorado. Ile rafu sijairudia kuitazama hadi leo, na sitairudia.

Halafu kuna wa "nani unamchagua haina maana, ni bahati nasibu tu". Hapana. Angalia 2011. Akron walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa vyuo, na wachezaji wao watano walichukuliwa ndani ya zamu nane za kwanza. Vancouver, wenye zamu ya kwanza, wakaenda kwa Omar Salgado, kijana mdogo ambaye hakutoka chuo, na majeraha yakamwandama. Portland, zamu ya pili, wakamchukua Darlington Nagbe wa Akron. Nagbe amebeba kombe la MLS mara nne na timu tatu tofauti. Wote wawili walikuwa mezani dakika ileile. Mtu aliangalia, mwingine hakuangalia. Bahati ipo, lakini skauti, yule msaka vipaji, aliyekwenda uwanjani huwa na bahati zaidi ya skauti aliyekaa na kompyuta.

Dada mmoja ameniuliza vizuri, na ndiye pekee aliyenifanya nifikiri mara mbili. Anasema: mbona Bernard Kamungo hakupita chuo wala drafti? Kweli kabisa. Kijana wetu, kazaliwa kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma, familia ikaletwa Abilene, Texas, 2016. Akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, ile timu B ya FC Dallas, akachukuliwa 2021. Agosti 2023 akawafunga Inter Miami na Messi yupo uwanjani. Januari 2024 akavaa jezi ya Marekani. Dada, nakushukuru, lakini unanisaidia mimi. Dallas walifungua geti, wakasema mwenye miguu aje. Sisi majaribio ya wazi hatufanyi, akademi yetu haijatoa mtu wa kuanza kikosi cha kwanza misimu mitatu, na drafti tunapita. Sasa wachezaji tutawatoa wapi, tutaagiza kwa posta?

Mpira wa vyuo wenyewe umetuonyesha mwezi huuhuu. Siku nne kabla ya drafti, Vermont walibeba ubingwa wa vyuo, wakawapiga Marshall 2-1 muda wa nyongeza. Vermont! Jimbo la theluji na jibini, hawajawahi kubeba kabla. Ukiniambia hakuna kipaji kwenye vyuo nitakuuliza ile fainali uliiangalia au ulisoma matokeo.

*

Tarehe 29. Uzi umefika ukurasa wa sita na mods wamefuta matusi, basi nimalizie mawili.

La kwanza, kuna mjumbe anasema ana rafiki ndani ya klabu, na kwamba zamu za raundi ya pili na ya tatu "hazikuandaliwa bajeti ya skauti". Sijui kama ni kweli, siwezi kuapa. Ila kama ni kweli, mimi na shemeji tulitumia mafuta ya gari, tiketi mbili za bei ya soda na mkate, na karanga. Tuwaandikie ripoti bure?

La pili, mnaoniuliza kama nimehuisha tiketi. Nimehuisha. Msiniangalie hivyo. Kile kiti nimekaa tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na jirani yangu wa kushoto ni mzee wa Honduras ambaye kila tukifungwa ananipa nusu ya mkate wake. Nitakwenda, nitazomea, nitarudi nyumbani sina sauti.

Nimeangalia ratiba. Timu iliyomchukua yule winga inakuja kwetu msimu huu. Shemeji ameshaagiza jezi yao, jina la kijana mgongoni, na ananiuliza kama siku hiyo nitampa lifti hadi uwanjani.

Nimemwambia apande basi.