Naomba ushauri: shangazi amekataa matibabu baada ya kusikia tafiti za saratani zimeondolewa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Shangazi yangu, mkazi wa Kisauni, anatibiwa saratani ya matiti, lakini tangu mjukuu wake amsomee kwamba mnamo Januari 2024 taasisi ya saratani ya Dana-Farber ya Boston, Marekani, ilianza kuomba makala 6 za utafiti ziondolewe majaridani na nyingine 31 zirekebishwe, ameapa kwamba harudi tena kutundikiwa dawa. Kadi yake ya kliniki ameifunga ndani ya leso na kuitia sandukuni.

Nimemweleza kwamba kasoro za makala hizo, alizozianika mwanabiolojia Sholto David, zilihusu hasa picha za maabara zilizorudiwarudiwa, na kwamba dawa za saratani huidhinishwa baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wengi, si kwa makala moja. Hunisikiliza kwa heshima, kisha hurejea kwenye kikombe chake cha kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani. Kombe sina ugomvi nalo, kwani moyo nao unahitaji dawa yake. Ninachoogopa ni kuliona likichukua nafasi ya hospitali.

Tena nashuku kwamba habari ile imekuwa kisingizio tu, maana halali usiku, chakula anakigusa tu, na baraza la jioni na majirani ameliacha.

Je, nimtangulie kwa daktari wake bila yeye kujua, au nitakuwa nimemvunjia heshima? Na kuna anayemfahamu mshauri nasaha hapa Mombasa aliyezoea wagonjwa wa saratani, hasa mwanamke, kwa kuwa mbele ya mwanamume hatafungua kinywa?