Vyuma vikikaza, vituko vya wafanyabiashara vinauokoa mji mdogo au vinahamisha wateja tu?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Hali ikiwa ngumu kwenye mji mdogo, wafanyabiashara huanza vituko. Huyu anatoa punguzo kwa atakayeingia dukani kinyumenyume, yule ana zawadi kwa mteja mwenye jina kama la mama yake, mwingine anachezesha bahati nasibu kila mwisho wa mwezi. Wapo wanaosema bila hayo mji unakufa. Wapo wanaosema ni kuwachezea watu walioishiwa.

Mimi naangalia kitu kimoja: hiyo pesa inatoka wapi? Wakati wa dhiki pesa iliyomo mjini ni kidogo na inazidi kupungua. Kituko kikimvuta mteja wa jirani, wewe umepona leo, jirani kafunga. Naye akijibu kwa kituko chake, wote wawili mmekata faida na mnunuzi hajaongezeka hata mmoja.

Chenye maana ni kile kinachomsimamisha mpita njia. Angalieni Wall, kamji ka jimbo la Dakota Kusini, Marekani. Mwaka 1931, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa pale, likasuasua miaka karibu mitano. Magari yalikuwa yanapita tu. Kiangazi cha 1936 Dorothy akawaza: hawa wasafiri wanakatiza nyika yenye joto kali, lazima wana kiu. Wakasimika vibao barabarani, maneno yamepangwa kwa vina, vikitangaza maji ya barafu bure. Maji tu! Watu wakasimama, wakanywa, na wakishaingia ndani hawakutoka mikono mitupu. Duka lipo hadi leo na limekuwa kivutio cha watalii. Pesa ile haikutoka mfukoni mwa mtu wa Wall.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umejichagulia mji wenye barabara kuu. Wale ambao njia inaishia kwao wafanyeje?

Halafu usidharau furaha. Miaka hiyohiyo ya 1930, kumbi za sinema Marekani zilikuwa zinakimbiwa. Zikaja na kilichoitwa Bank Night: unaandika jina lako kwenye daftari, usiku uliopangwa linachaguliwa moja, mwenyewe akifika jukwaani ndani ya dakika chache anaondoka na pesa. Kumbi zikajaa, maelfu zikaiga. Watu walikuwa na msongo, wakapata sababu ya kutoka nyumbani. Hilo nalo ni faida, hata kama halionekani kwenye hesabu zako.

Mleta mada

Bank Night umenipa mimi silaha. Ili kukwepa sheria za bahati nasibu, kuandika jina ilikuwa bure, huhitaji tiketi. Sasa jina linaitwa nawe uko nyumbani, dakika chache zitakufikisha? Ndiyo maana watu walikata tiketi. Kilichouzwa pale ni hofu ya kukosa, na aliyeuziwa ndiye asiye na kitu. Kesi zilifika mahakamani jimbo baada ya jimbo. Furaha ilikuwepo, sikatai, ila aliyeshinda alilipwa kwa pesa za majirani zake.

Kuhusu mji usio na wapita njia: mgeni si lazima aje, kitu chenu kinaweza kumfuata. Tenino, jimbo la Washington, benki yao ilifungwa Desemba 1931 na pesa taslimu zikakauka. Wafanyabiashara wakatoa noti za mbao, vipande vyembamba kweli, zikatumika madukani. Zilizunguka humohumo mjini. Tena habari zikaenea, wakusanyaji wa vitu adimu wakazitafuta kutoka mbali, na nyingi hazikurudishwa kamwe kudai fedha halisi. Yaani mgeni alilipia kipande cha ubao akakiweka kabatini! Janga la korona lilipoingia mwaka 2020 mji ukachapa tena noti za mbao za dola 25 kwa wakazi walioathirika kipato.

Mchangiaji wa pili

Nawasoma tu, mnazunguka hesabu. Mwaka 1992 Uingereza ikiwa kwenye mdororo, tawi la Hoover, kampuni ya vifaa vya umeme vya nyumbani, liliahidi tiketi mbili za ndege kwa anayenunua bidhaa za pauni 100. Watu wakabeba mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji ili wapande ndege. Hasara ikakaribia pauni milioni 50. Kampuni kubwa iliyumba. Duka la mtu mmoja linazikwa, na wanaodai zawadi ni watu anaosalimiana nao kila asubuhi. Mimi nasema kila ofa iwe na kikomo kilichoandikwa mlangoni, idadi na tarehe, na iombewe kibali ofisini kwanza, vinginevyo isiruhusiwe.

Mleta mada

Kikomo naunga mkono, hasa palipo na zawadi za kushindaniwa. Kwenye kibali ndipo tunaachana. Mwenye duka anayegawa maji ya kunywa naye apange foleni ofisini? Dhiki ikifika huko, muda wa kusubiri muhuri hana, na atakayeupata kwanza ni yule mwenye duka kubwa.

Nabaki na swali langu, hasa kwa mnaofanya biashara miji midogo: kituko gani mmewahi kukiona kikileta mnunuzi ambaye mwanzo hakuwepo kabisa? Wa jirani simhesabu.