Mgao wa maji Dar: Ruvu imekauka, sawa. Na yale yanayomwagika chini ya barabara nani anayahesabu?

Wakuu,

Kila vuli ikichelewa tunasomewa tangazo lile lile: kina cha Mto Ruvu kimeshuka, wananchi wavumilie. Kina kinashuka kweli, sibishi. Mvua za Oktoba na Novemba zikikosa, mto unabaki na kile kinachochuruzika kutoka milima ya Uluguru, na kwenye njia kuu ya mto hakuna bwawa lililokusanya maji ya masika. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi na wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo yote miwili inachota maji yanayopita siku hiyo hiyo. Udhaifu huu umekuwepo tangu Ruvu Juu ilipojengwa 1959 na Ruvu Chini 1976. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, limezungumzwa miongo na miongo, na ujenzi umekuja kuanza baada ya ukame wa 2022. Linahitajika, nalitaka liishe hata kesho. Ila limegeuzwa kisingizio cha kutogusa kitu kingine.

Tupige hesabu. Oktoba 2022 tulitangaziwa uzalishaji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Pengo ni lita milioni 166. Ripoti za EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, za miaka hiyo zinaonyesha mamlaka za maji nchini hupoteza wastani wa karibu theluthi moja ya maji yanayozalishwa, au zaidi, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Theluthi ya milioni 466 ni milioni 155. Yaani maji yasiyo na mwenyewe katika siku ya kawaida yanakaribiana na pengo zima la siku ya ukame!

Najua kuna atakayesema upotevu si mivujo tu, kuna vishoka wanaounganisha maji kinyemela na mita mbovu humo ndani. Ni kweli. Kata nusu basi, tuseme mivujo halisi ni lita milioni 77 tu. Hiyo bado ni zaidi ya mara nane ya uwezo wa mtambo mdogo wa Mtoni hapa hapa Dar, ambao ni kama lita milioni 9 kwa siku.

Watu hawaamini kitundu kidogo kinaweza kumaliza maji. Tundu la milimita 6, unene wa penseli nyembamba, kwenye bomba lenye msukumo wa bar 3, linatoa takriban lita 35,000 kwa siku. Hizo ni yuniti 35, au madumu 1,750 ya lita 20. Ni boza tatu na nusu za lita 10,000 zinazoingia ardhini kila siku, na kama udongo ni mchanga huoni hata tope juu. Mara nyingi linatoboka pale kwenye kibano kinachoshika bomba la mteja kwenye bomba la mtaa: kimefungwa kwa haraka, mpira umekaa upande, nati hazijakazwa sawasawa. Au bomba la plastiki limelazwa juu ya jiwe bila tandiko la mchanga, kwenye mtaro wa sentimita 30 ambapo lori likipita linalikanyaga. Fundi anaitwa, anafunga mpira wa tairi la baiskeli, anafukia. Wiki mbili, limefunguka.

Sasa njoo kwenye kinachonichoma zaidi. Mgao wenyewe, kwa namna unavyoendeshwa, unatengeneza mivujo mipya.

Bomba likifungwa linajimwaga kupitia matundu yale yale, kisha linajaa hewa. Siku ya zamu mtu anafika na spana, anafungua valvu yote kwa dakika moja. Maji yanakimbia kwenye bomba tupu, yanasukuma hewa mbele, yanafika kwenye kona au mwisho wa laini na kugonga. Kishindo hicho kinapasua viungio ambavyo vingekaa miaka kumi bila tatizo. Utaratibu unajulikana: bomba tupu hujazwa polepole, maji yasizidi mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde, na valvu za kutoa hewa kwenye miinuko ziwe hai. Kwa bomba la milimita 300 hiyo ni kama lita 21 kwa sekunde, na kilomita 2 zinahitaji karibu masaa mawili kujaa. Masaa mawili! Nani anasubiri masaa mawili pale kwenye shimo la valvu? Na valvu za hewa ngapi zimefukiwa na lami wakati wa kupanua barabara?

Halafu angalia ratiba. Zamu ya masaa 12 inahesabiwa tangu valvu ifunguliwe. Walio bondeni, karibu na bomba kubwa, wanajaza simtanki zao kwanza, na nyingi hazina boya la kufunga, zinamwagika uani usiku kucha. Walio vilimani wanaanza kusikia filimbi ya hewa kwenye koki zamu ikiwa imebaki masaa matatu. Kwenye karatasi wote wamepata maji.

Ninachodai hakihitaji mkopo wa nje. Gawanya mji katika kanda za wateja kama 1,500, kila kanda iingize maji kupitia bomba moja lenye mita kubwa, mipaka mingine ifungwe kwa valvu zilizokaguliwa kwamba zinafunga kweli. Soma mita hiyo kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wamelala. Ikisoma mita za ujazo 20 kwa saa wakati matumizi halali ya usiku hayazidi 3, una mita za ujazo 17 kwa saa zinazopotea. Funga valvu za mitaa moja moja kuanzia ule wa mbali, uone ni ipi inashusha usomaji ghafla. Hapo ndipo unapeleka fimbo ya kusikilizia mvujo chini ya ardhi na koleo. Kisha weka valvu ya kupunguza msukumo kwenye lango la kanda. Ukishusha msukumo kwa nusu, tundu la kawaida linapunguza kuvuja kwa karibu asilimia 30, na ufa kwenye bomba la plastiki hupungua zaidi ya nusu, kwa sababu ufa wenyewe hujibana.

Cape Town walifanya hivyo. Walibana msukumo kanda kwa kanda, wakaweka ukomo wa lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia Februari 2018, na matumizi ya mji yakashuka kutoka karibu lita milioni 1,200 kwa siku mwaka 2015 hadi kama milioni 500 na kidogo. Mabomba hayakufungwa. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, walikuwa wanapoteza asilimia 72 ya maji yao mwaka 1993, kufikia 2010 walikuwa chini ya 10. Hakuna muujiza pale, ni mita, ramani ya mabomba na mafundi wanaofuatiliwa.

Sisi tunaambiwa tuvumilie.

#2
Mleta uzi, umesahau moja: kwenye mgao kipimo chako cha usiku kinadanganya. Saa 8 usiku ndiyo simtanki zinajaa, kwa hiyo mita ya kanda itasoma juu na utadhani ni mivujo. Kwanza uipe kanda hiyo maji mfululizo siku tatu hadi matanki yatulie, ndipo usome. Ina maana mgao unatupofusha, hatujui hata tunachopoteza. Wachague kanda moja baada ya nyingine, waipe maji bila kukata, waitibu, wahamie nyingine. Kuzungusha mji mzima kwa pamoja kunaua mji mzima kwa pamoja.

Na hewa hiyo inalipiwa. Mita nyingi za majumbani zina kipanga, yaani kifeni kidogo kinachozungushwa na kinachopita, haibagui maji na hewa. Laini ikijazwa kwa kasi, kipanga kinazunguka vibaya sana na mteja anapata yuniti ambazo hakunywa. Baadaye meno yake yanasagika, mita inaanza kusoma chini, na hasara inarudi kwa mamlaka. Mnapoteza pande zote mbili.

#3
Wakuu, nyote mnazungumzia lita, hakuna aliyegusa usalama. Bomba likiwa tupu katikati ya mtaro wenye maji ya choo, linanyonya. Tundu lililotoa maji safi jana linaingiza uchafu leo. Wanaofunga pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa wanaongeza mnyonyo huo, na majirani wote wanapata madhara. Pampu inyonye kutoka kwenye tanki lako la chini, siyo kwenye laini. Mamlaka ipime klorini mwisho wa laini kila maji yanaporudi. Ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, isafishe laini kwanza kabla ya kuhesabu kwamba imetoa huduma. Nyumbani, maji ya kwanza ya zamu yasiingie tankini: fungua koki ya nje hadi yatoke meupe, hayo ya mwanzo yaende chooni au kufulia.

#4
Mkuu #3 umesema kweli. Naongezea visima, maana kila ukame watu wanakimbilia kuchimba. Ukanda wa pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu masaa 20 kwa siku, chumvi inapanda kutoka chini, na ikishapanda haishuki kwa mvua ya msimu mmoja. Anayechimba apime kiwango cha chumvi kila wiki na kina cha maji kabla na baada ya kuvuta. Chumvi ikianza kupanda, punguza masaa ya kuvuta mara moja, usingoje mpaka chai iwe na ladha. Visima vya maboza vinavutwa mchana na usiku wakati wa mgao, na hatuoni takwimu zake popote.

#1 (mleta uzi)
Nashukuru kwa marekebisho, hasa la simtanki. Basi dai langu naliweka hivi: kila Jumatatu, kipindi chote cha ukame, mamlaka itoe kwa kila kanda lita zilizoingia, lita zilizolipiwa, mivujo iliyoripotiwa na siku ngapi kila mmoja ulichukua kuzibwa. Safu nne tu za namba. Mwenye picha ya mvujo uliozidi wiki aweke hapa, ataje mtaa na tarehe aliyoripoti.