Ufunguo wa pili wa X-Trail iliyotumika: kukopi chipu, kusajili upya, au kushuka Dar?

Mkazi_wa_Kisasa
Habari za jioni wadau. Nimenunua Nissan X-Trail ya 2006 kwa mtu hapa hapa Dodoma, ile ya kuchomeka ufunguo na kuzungusha. Gari haina shida, ila imekuja na ufunguo mmoja. Aliyeniuzia anasema zilikuwa mbili, mmoja ukapotea wakati anahamisha vyombo kutoka Dar. Kazini kwangu ni Mtumba, mke wangu yuko Bahi siku tatu kwa wiki, na gari tunapokezana. Ufunguo huu ukidondoka njiani sijui naanzia wapi.

Nimezunguka wiki nzima, nimepata njia tatu. Mchonga funguo wa Majengo anataka elfu 80: anachonga, anakopi chipu, nusu saa umeondoka. Fundi mwenye mashine anakuja hadi nyumbani kwa laki 2 na nusu, anasajili ufunguo mpya kwenye gari, na amesema hagusi kitu mpaka aone kadi ya gari na kitambulisho changu. Ya tatu ni kupeleka gari Dar kwa wakala. Hao wa kwanza wawili, kama zote mbili zinawasha gari, laki na sabini inayozidi ninailipia nini?

Chang'ombe_IST
Mkuu, hakikisha kwanza kama gari yako ina chipu. IST yangu ya 2004 nilichongewa ufunguo wa chuma kitupu, ikawaka, nikalipa hela ya chai. Ulaya imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila chipu sahihi, imekuwa lazima kwa magari mapya tangu 1998, lakini gari ndogo nyingi za soko la Japani za miaka ile zilitoka bila hiyo. Zungushia kichwa cha ufunguo foili ya jikoni, safu kadhaa, acha chuma peke yake nje, kisha jaribu kuwasha. Ikiwaka na kuendelea kuunguruma, huenda huna haja ya mashine yoyote.

Mkazi_wa_Kisasa
Nimejaribu sasa hivi. Haiwaki, na taa nyekundu ya usalama kwenye dashibodi inabaki. Nikitoa foili inawaka.

Fundi_Umeme_Majengo
Basi ina imobilaiza. Ngoja nieleze, maana watu wengi wanauziwa bila kuelewa.

Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete ya waya. Ukiwasha swichi, pete inatoa mawimbi, kwa kawaida ya kilohezi 125, chipu inapata nguvu humo humo na kujibu namba yake. Boksi la gari, yaani kompyuta yake ndogo, likiitambua namba, injini inaruhusiwa. Ile betri ya kidonge iliyomo kwenye ufunguo ni ya rimoti ya milango tu. Ikiisha, gari ya kuchomeka bado itawaka.

Sasa, kukopi ni kuchukua namba ya ufunguo ulionao na kuiandika kwenye chipu nyingine. Gari haijui kama kuna ufunguo mpya, inaona ule ule. Kusajili ni kuchomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuiambia gari ipokee namba mpya. Na Nissan ina tabia yake: ukisajili, orodha ya zamani inafutwa, zinabaki zile funguo zilizokuwepo mezani siku hiyo. Kwa hiyo uje na zote unazotaka kubaki nazo. Ule uliopotea kwenye vyombo hautawasha tena injini. Mlango unaweza bado kufungua, kwa sababu chuma ni kile kile.

Laki na sabini yako inakwenda hapo.

Mdau_Nkuhungu
Fundi, kwa heshima, mimi nimekopi chipu ya Vitz mwaka wa tatu huu, sijawahi kupata shida. Si kila mtu ananunua gari kwa mwizi. Kwa mwalimu au mkulima elfu 80 ni nyingi tayari.

Fundi_Umeme_Majengo
Kaka, hata mimi nakopi, na ninaipendekeza. Kama gari umeinunua bandarini mwenyewe na ufunguo mwingine haujawahi kupita mikononi mwa watu hapa nchini, kopi inatosha kabisa. Lakini hii imepita kwa mmiliki mwingine, pengine na dereva wake, na fundi wake. Hapo siwezi kumwambia mtu akopi alale.

Mama_Kibaigwa
Mwanangu, chochote utakachochagua, fanya kabla huo mmoja haujapotea. Mimi nilipoteza ufunguo wangu wa pekee sokoni Kibaigwa msimu wa mahindi, watu wamejaa, vumbi. Nilianzia polisi kuchukua ripoti ya upotevu. Gari ikavutwa mpaka Dodoma mjini. Fundi wa kwanza alifungua dashibodi, akachomoa boksi, akaanza kusajili betri ya gari ikiwa imechoka, umeme ukashuka katikati, boksi likafa. Nikanunua boksi jingine, nikamtafuta fundi wa pili. Nilikaa siku kumi na moja bila gari na mzigo wa watu ghalani. Hela niliyotumia ingetengeneza funguo sita.

Fundi_Umeme_Majengo
Pole sana mama. Hilo la betri ni kweli, mimi siunganishi mashine bila chaja pembeni. Na kazi ya kutokuwa na ufunguo hata mmoja ni nyingine kabisa, wachonga funguo wengi hapa mjini hawaigusi.

Gerezani_Ilala
Niongezee kuhusu Dar. Kukopi kunahitaji ufunguo tu, lakini kusajili kunahitaji gari yenyewe. Kwa hiyo usidanganywe kutuma huo ufunguo mmoja kwa treni ya SGR "urudi kesho", ukipotea njiani umefika alipofika Mama Kibaigwa. Kuendesha kilomita kama 450 kwa ajili ya ufunguo, wakati Dodoma kuna mwenye mashine, sioni sababu.

Jingine: ukiagiza ufunguo mtandaoni, uliza masafa ya rimoti. Gari za Japani ziko karibu na megahezi 315, za Ulaya 433.92. Ukipata wa Ulaya, chipu inaweza kusajiliwa na injini ikawaka, ila milango haitasikia. Na kwa wenye Toyota za kubonyeza kitufe, ufunguo wa mtumba huwa umefungwa kwenye gari ya zamani, haupokelewi mpaka ufutwe kwanza. Nimeona wengi wakinunua bei rahisi hapa kwetu na kurudi na malalamiko.

Fundi_Umeme_Majengo
Mkuu wa Kisasa, fundi wako akija, mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa, kabla na baada. Nissan inazihesabu. Na usimchukie kwa kudai kadi. Asiyedai kwako hatadai kwa mwingine atakayempeleka gari yako.

Mkazi_wa_Kisasa
Wadau, mrejesho. Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, akaunga chaja, akasoma namba ya boksi ili apate namba ya siri, kazi yote dakika arobaini. Nikamwomba anionyeshe idadi kabla hajaanza.

Zilikuwa tatu. Niliambiwa mbili.

Nilimpigia aliyeniuzia, akashtuka kweli, naye gari aliinunua ikiwa imetumika hapa nchini, na huo wa tatu hajawahi kuuona. Sasa mashine inasoma mbili, wangu na wa mke wangu. Mama Kibaigwa, Fundi, asanteni sana. Fundi, kitasa cha mlango wa dereva kukibadilisha ni kazi ya siku moja? Nataka nikimalize wiki hii.