Fundi akikwambia "ongeza mafuta tu" chukua kichwa chako cha treni uondoke, mimi dola 85 zishaenda

Wadau salaam. Mtanivumilia maandishi yangu maana naandika na hasira, nimetoka kukifungua kichwa cha treni ya modeli, hizi ndogo za umeme za kuchezea nyumbani, mezani hapa na nilichokikuta ndani sijui hata nianzie wapi.

Mwezi wa tatu nilinunua mtandaoni kichwa cha modeli ya treni ya mvuke, saizi inayoitwa O, mtumba, dola 380. Muuzaji kaandika kwa herufi kubwa kabisa kimejaribiwa na moshi unatoka safi. Mimi naishi Pennsylvania, Lancaster, karibu na Strasburg penye ile reli ya mvuke ya kweli, watoto wangu wanajua moshi wa treni unavyokuwa na harufu yake wanaijua. Na mimi ni mjukuu wa mtu wa relwe, babu mzaa mama alikuwa kwenye zile Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke vilivyokuwa vikivuta mizigo Mombasa–Nairobi, kama hio 5918 Mount Gelai iliyosimama makumbusho ya reli Nairobi mpaka leo. Kwa hivyo moshi kwangu ndio sababu ya kununua, nisingetaka moshi ningenunua cha dizeli kwa nusu bei.

Kimefika, nimekiweka kwenye reli, taa inawaka, sauti ipo, kinatembea vizuri, moshi hakuna. Harufu tu ya kitu kilichoungua. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu ongeza matone 20 ya mafuta ya moshi, yale yanayotiwa kwenye dohani. Nikaongeza. Hakuna. Akasema ongeza 10 tena. Sasa kikaanza kugugumia kwenye dohani na kutema mafuta, mafuta yakashuka mpaka kwenye magurudumu na kwenye reli, kichwa kikaanza kukatakata umeme kwa sababu reli yenye mafuta haishiki vizuri, nikapoteza jioni nzima kufuta reli kwa kitambaa na spiriti. Nilipomwambia nataka kurudisha akasema siku za kurudisha zimepita. Zilipita huku yeye ananiambia ongeza mafuta!

Nikakipeleka kwa fundi, mtu mwenye duka lake na benchi lake na cheti ukutani. Wiki tatu. Dola 85. Akanirudishia akasema kimepona, akawasha mbele yangu kikafuka vizuri kama chetezo, nikafurahi, nikamshukuru, mtoto wangu wa mwisho alikuwepo akapiga makofi. Nyumbani kilifuka dakika tano, kikanuka tena, kikazima. Nikampigia simu. Mnajua alichonambia? Ongeza mafuta.

Basi jana usiku nikachukua bisibisi mwenyewe. Skrubu nne, ganda la juu likatoka, kitoa moshi, kile kifaa kinachopasha mafuta yafuke, hicho hapo, skrubu mbili za kifuniko. Wadau, ndani mlikuwa na PAMBA. Pamba ya kawaida ya dukani ya kusafishia kidonda! Fundi mzima mwenye cheti kaweka pamba penye rizista, ule waya unaopata moto kupasha mafuta. Utambi wa kitoa moshi ni wa faibaglasi, ile isiyoshika moto, pamba inaungua, na hio ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria imegandamana na rizista. Halafu kaishindilia mpaka imeziba tundu la hewa. Kwa wasiojua, hivi vya kisasa vina vyumba viwili, kimoja cha feni na kingine cha rizista na utambi, feni inasukuma hewa inapita kwenye tundu dogo katikati inachukua moshi inatoka nao kwenye dohani. Ukiziba tundu, hata rizista iwe nzima na mafuta yawepo hautaona kitu, mvuke unabaki humo humo unazunguka.

Nikatoa mita. Hiki changu kina rizista mbili za omu 16 zimefungwa sambamba, kwa hivyo mita inatakiwa isome kama omu 8. Ilisoma 16. Yaani moja imekufa, waya umekatika, na iliyobaki inafanya kazi peke yake. Ukipiga hesabu, volti 5 kwa omu 8 ni wati tatu na kidogo, kwa omu 16 ni wati moja na nusu, joto nusu! Hata ukimwaga chupa nzima haitafuka inavyotakiwa. Kipimo hicho kinachukua nusu dakika. Muuzaji hakukifanya na fundi hakukifanya, na rizista yenyewe haifiki dola mbili.

Na najua kilichoiua, ndicho kinachoniuma zaidi. Hawa wauzaji wanawasha kitoa moshi kikavu kukagua, hawatii hata tone, wanataka kuona kama kinapata moto tu. Utambi mkavu unaungua unakuwa mgumu haunyonyi tena, rizista haina kitu cha kuipoza inakatika. Kuzima moshi kabla mafuta hayajaisha ni jambo la kwanza unalofundishwa, swichi iko chini ya kichwa pale, mtu mzima anashindwa kuisogeza!

Sasa nawaomba sana, msikubali hili jibu la ongeza mafuta. Angalia swichi kwanza, nyingine inazimwa kwa rimoti. Weka karatasi ya tishu juu ya dohani uone kama inacheza, ikicheza feni ni nzima na njia ya hewa iko wazi. Kama umetoka kutia mafuta sasa hivi na moshi umekata ghafla, inawezekana tone limeziba dohani tu, puliza taratibu linafunguka. Kama feni inapuliza na hakuna moshi, pima rizista kwa mita. Kama mita inasoma vizuri, fungua uangalie utambi. Mafuta yaje mwisho kabisa. Na msitie mafuta ya taa hata siku moja, kuna mtu alinishauri hivyo na nikamjibu vibaya, kile kitu kinashika moto na mimi nina watoto sebuleni.

Nyinyi wa Ulaya wenye modeli za saizi ndogo ya H0 na vile vibomba vidogo vya kutoa moshi vya kampuni ya Seuthe, chenu hakifunguliwi, kikiungua ni kubadilisha, ila kikizidishwa mafuta kinazama na hakifuki pia, chovya ncha ya karatasi inyonye yaliyozidi kabla hujakitupa. Na muangalie volti mnaponunua, vipo vya aina nyingi.

Nimempelekea fundi picha ya ile pamba na picha ya mita. Kasoma, hajajibu. Zile tiki za bluu za kuonyesha kasoma zimekaa hapo tangu asubuhi. Nataka dola zangu 85, na nataka aache kuweka pamba kwenye vichwa vya watu kwa sababu siku moja kitawaka chini ya mti wa Krismasi wa mtu.

Rizista mbili mpya nimeshazipiga lehemu, utambi mpya wa faibaglasi nimeuweka kwa kuuachia nafasi, na saa nne usiku kilifuka, wallahi kilifuka, nikawaamsha watoto. Kilichobaki feni inalia, nadhani masizi ya ile pamba yameingia kwenye ekseli yake. Nimeisafisha kwa spiriti bado inalia. Aliyewahi kubadilisha mota ya hio feni aniambie aliitoaje, imebanwa kwa gundi au inavutwa tu? Naogopa kuivunja.